Walii Yuko Torino

Mwabungo,
12 Oktoba 2024

Mwanangu Alamin,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa na baridi ya huko haijaanza kukuonea. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimeanza kudondoka kidogo kidogo na mihogo imepata nafuu. Warda, binti wa marehemu dada yangu, amejifungua mtoto wa kiume, na mzazi na mwana wote wazima. Mama yako alikuja kutoka Majoreni kumtazama, akalala kwangu siku mbili. Aliniuliza habari zako. Nikamwambia unafanya kazi, unasali na umenenepa. Hilo la mwisho nililibuni.

Kifurushi chako nimekichukua posta ya Ukunda, na gari limefika bila mkwaruzo. Lancia Aurelia ya kijivu! Milango inafunguka, na ndani viti vina rangi ya maji ya kunde. Nimeliweka kabatini, rafu ya pili, kando ya zile Alfa. Nakushukuru, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie. Na nashukuru zaidi kwamba umetia barua ndani. Kwa simu tunaulizana umekula nini, mtandao unakatika, basi.

Jambo jingine dogo. Nilipata mgeni. Ummi wa Waa, niliyesoma naye chuoni tukiwa wasichana, alikuja na kaka yake, Mzee Abdulaziz. Huyu alikuwa dereva wa watalii pale Diani miaka mingi, sasa amestaafu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Alikuwa na kigari amekifunga kwenye leso, ameachiwa na mgeni mmoja zamani, na alitaka kujua ni kigari gani. Nilipokifungua, moyo uliniruka: Giulietta nyekundu, ile isiyo na paa, ya miaka ya hamsini. Kioo cha mbele hakina, lakini vinginevyo ni nzima.

Akaniuliza, "Bibi, wewe haya yalikuanzaje?"

Nikamsimulia yule mzee wa Kitaliano wa hotelini, nilipokuwa dobi. Alinipa Fiat 500 nimpelekee mtoto wangu nyumbani. Wewe ulikuwa na miaka mitano, umekuja kwangu karibuni. Ukaitazama, ukasema unataka mpira. Nikaiweka juu ya redio. Mwaka wa pili yule mzee aliporudi akaniuliza, mtoto aliipenda? Nikaona haya, nikasema aliipenda sana. Basi akaniletea nyingine, na nyingine tena kila mwaka. Mzee Abdulaziz alicheka mpaka akavua kofia.

Nilimruhusu ashike gari langu moja. Alilishika kwa chini, hakulishika paa.

Nimekuandikia hili kwa sababu najua utafurahi kusikia habari ya Giulietta.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Mbeyu


Torino,
10 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nikaisoma mara mbili, moja kwenye ngazi kabla sijafungua mlango. Mimi mzima. Baridi imeshaanza lakini nina koti zito. Wazee ninaowahudumia kule kazini nao hawajambo, isipokuwa mmoja aliyeteleza bafuni akavunjika mkono. Sasa namlisha kwa kijiko na ananigombeza kwamba ninakwenda polepole. Mpe Warda hongera. Mtoto wamempa jina gani?

Leo ni Jumapili ya soko la vitu vya zamani, lile linalojaa barabara nzima karibu na mto. Nimezunguka tangu asubuhi. Nimekupatia Fiat 1100, nyeupe chini na kijani juu, kipimo kile kile unachopenda, cha moja kwa arobaini na tatu. Halina boksi lake. Muuzaji alisema gari bila boksi ni kama mtu bila jina. Nikamwambia shangazi yangu atalipatia jina. Nakutumia pamoja na barua hii, na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu nimevikusanya kwenye masanduku ya viatu ya wenzangu wote ninaokaa nao. Viweke kwenye pembe za kabati. Chumvi ya pwani haina huruma na rangi.

Shangazi, huyo Mzee Abdulaziz ni nani hasa? Ana watoto? Anaishi na nani huko Waa? Alikuja kuonyesha gari lake au kutazama ya kwako? Usinielewe vibaya. Watu siku hizi wanaona vitu mitandaoni, wanajua kigari kikongwe kinatafutwa na watu wa mbali. Usimfungulie kabati kila anayebisha hodi.

Mwanao,
Alamin


Mwabungo,
8 Desemba 2024

Mwanangu Alamin,

Assalamu alaykum. Hatujambo hapa. Mtoto wa Warda anaitwa Sefu, na analia kama ng'ombe. Mama yako anakusalimu sana. Anasema namba yako ya simu anayo lakini hajui saa unazopumzika, hataki kukusumbua. Nimemwandikia saa zako kwenye karatasi. Fiat 1100 imefika. Nimeipa jina, inaitwa Kijani wa Likoni, maana nakumbuka teksi moja ya rangi hiyo hiyo nilipokuwa mdogo.

Nina habari ya huzuni kidogo. Ile Multipla, ile fupi ya familia, imekufa. Unakumbuka uliniambia kwamba chuma cha magari mengine kilichanganywa vibaya kiwandani, na miaka ikipita hupasuka chenyewe kwa ndani? Nilikuwa nalipangusa, ubavu mzima ukanibakia mkononi kama ganda la mkate. Ni gari alilonipa yule mzee safari yake ya mwisho. Nilikaa mkekani, nikashindwa kuinuka.

Ummi na kaka yake walinikuta hivyo. Warda alikuwa ameshaniambia, "Mama, si kigari tu?" Mzee Abdulaziz alivua viatu, akaketi mkeka wa pili, akaniokotea vipande kimoja kimoja akaviweka kwenye kisahani. Hakucheka, Alamin. Akasema, "Pole. Limekaa na wewe muda mrefu."

Wiki iliyofuata Ummi alikuja peke yake. Akanywa chai, akazunguka weee, mwisho akasema, "Kaka yangu amenituma. Anakutaka kwa ndoa, kwa njia ya heshima."

Sikumjibu palepale. Niliomba siku za kuswali istikhara, nikaswali. Moyo wangu umetulia upande wa kukubali.

Sasa nije kwako. Baba yangu hayupo. Baba yako, kaka yangu Mbwana, hayupo, Mungu awarehemu wote. Kaka mwingine sina. Aliyebaki kusimama kuwa walii wangu wa kuniozesha ni mwana wa kaka yangu, nawe ndiye pekee. Huwezi kuja, najua. Lakini waweza kumfanya wakili Maalim Luqman wa hapa msikitini aniozeshe kwa niaba yako. Neno lako latosha, liandike tu.

Nimeandika hili na masikio yananichoma kama msichana. Nisitiri.

Shangazi yako,
Mbeyu


Torino,
14 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mimi mzima. Theluji ilianguka wiki iliyopita, ikayeyuka.

Nasikitika kwa Multipla. Nimekutafutia nyingine lakini zilizopo sokoni zote ni mpya, plastiki ubavuni, hazikufai. Nimeiona Giulia ya polisi, ya buluu, mwenyewe anasita kuiuza. Nitarudi kwake. Pia kuna mtu ana Maserati ya mashindano lakini magurudumu yake si yenyewe, yamebadilishwa, na wewe hupendi kitu kilichobadilishwa.

Kuhusu lile jambo lako, naona tusiharakishe. Huyu mtu umemjua juzi. Mke wake amefariki juzi pia. Umekaa miaka yote hii bila mume, nyumba yako ni yako, mlango unaufunga mwenyewe. Utahama uende Waa kwa watu usiowajua? Na magari yatakwenda wapi? Samahani kwa neno hili, lakini pengine anaoa kabati.

Kama unaona hofu yoyote, yafunge magari kwenye katoni, umpe Warda akuwekee. Nikipata likizo nitakuja tuzungumze uso kwa uso. Mwaka huu sidhani. Labda mwakani.

Mwanao,
Alamin


Mwabungo,
9 Februari 2025

Alamin,

Assalamu alaykum. Sote wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaikunja.

Nina miaka sitini na mbili. Nimefua mashuka ya wageni wa nchi zote, nimekulea wewe, nimemzika mama na ndugu zangu. Anayekuja kwa ajili yangu na anayekuja kwa ajili ya kabati, mimi naweza kuwatofautisha.

Neno lako la kabati sikulisoma kwa sauti mbele ya mtu. Lakini Mzee Abdulaziz aliuliza mbele ya Ummi, "Kijana amesemaje?" Nikanyamaza. Ukimya wangu akauelewa. Akasema, "Mwambie magari yote ni ya kwake tangu leo. Mimi sitaki hata tairi. Na ile Giulietta yangu nayo aichukue." Kisha akasema hatakuja tena hapa mpaka jibu lipatikane, watu wasije wakatutia jina baya mimi na yeye. Tangu siku hiyo hajaja.

Maalim Luqman ameniambia kwamba walii akikataa bila sababu ya sheria, mwanamke aweza kwenda kwa kadhi. Njia ya kwa kadhi naijua. Sitaifuata. Nikienda kwa kadhi nitakuwa nimewaambia watu kwamba sina mtu, na mimi ninaye.

Basi nasubiri.

Mbeyu


Mwabungo,
20 Aprili 2025

Mwanangu Alamin,

Assalamu alaykum, na Idd Mubarak iliyochelewa. Saumu tulifunga salama. Siku ya Idd tulikula pilau kwa Warda, na Sefu sasa anakaa mwenyewe bila mto.

Kifurushi chako kilikuja katikati ya Ramadhani. Giulia ya buluu, ya polisi, na taa yake juu. Nilitoa gazeti la Kitaliano lililoizungushia, nikalikunjua kurasa zote. Nikatikisa boksi. Barua haikuwamo. Nilijisemea labda imedondoka posta, ingawa boksi lilikuwa limefungwa vizuri kwa mkono wako.

Gari bado halijaingia kabatini. Liko mezani. Sijalifungua kabati tangu Februari. Warda ndiye aliyepangusa kioo kwa nje.

Nimefikiri sana, na sasa nitasema kitu ambacho tumekizunguka wewe na mimi tangu ulipoota ndevu. Katika barua zangu zote nimekupa salamu za mama yako. Hujazijibu hata mara moja. Unauliza jina la mtoto wa Warda, unauliza chumvi na rangi, ukifika kwa mama yako unaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Alipoolewa Majoreni ulibaki kwangu. Sasa mimi nataka kuolewa Waa. Nadhani si Mzee Abdulaziz uliyekuwa unamjibu mwezi wa kwanza.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, mpigie mama yako simu. Kuna jambo analijua yeye, na ni haki yake kukuambia. Miaka yote mimi nimelinyamazia kwa sababu halikuwa langu.

Sikuombi ruhusa katika barua hii. Nakuomba upige simu tu.

Shangazi yako ambaye hajakukasirikia,
Mbeyu


Torino,
17 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua haikudondoka posta. Nilikaa na kalamu nikashindwa, nikafunga boksi hivyo hivyo. Nisamehe kwa kukutikisisha boksi.

Nilikaa na barua yako mfukoni wiki nzima kazini. Siku ya mapumziko nikaketi kwenye bustani iliyo nyuma ya kanisa, nikapiga simu Majoreni. Alipokea mara moja. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kisha nikamuuliza kile ambacho sijawahi kukiuliza.

Nikasema, "Mama, uliniambia utanijia wiki inayofuata. Nilikusubiri barabarani. Mbona hukuja?"

Akasema, "Alamin, mimi nilikuja."

Nikamwambia sikumbuki.

"Nilikuja na baba yako wa kambo, na nguo mpya za kwako. Uliposikia sauti yangu ukaingia chini ya kitanda cha shangazi yako, ukaukumbatia mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Nilikuvuta, ukaniuma. Shangazi yako alilia, akakubembeleza utoke. Hukutoka. Nikakaa mpaka jioni. Nikasema, basi, mtoto amechagua, nisimvunje. Nilirudi mwezi uliofuata, ukafanya vile vile. Mara ya tatu nikaja peke yangu, nikakutazama ukicheza mpira kutoka nyuma ya ua, nikaondoka."

Shangazi, mimi nakumbuka ule mguu wa kitanda. Nakumbuka ulivyonukia mafuta ya nazi. Sikujua nilikuwa nimeukumbatia kwa ajili gani. Miaka yote nimeamini niliachwa. Kumbe nilijificha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa hutaki kunisikia. Na shangazi yako alisema, mtoto asibebeshwe kwamba alimkataa mama yake. Afadhali atukasirikie sisi." Tukalia wote wawili, mimi bustanini, watu wanapita na mbwa wao. Sasa ananipigia kila Jumapili, na saa zangu anazo kwenye ile karatasi yako.

Basi kuhusu Mzee Abdulaziz. Nilichokuwa nacho si hofu ya magari. Hapa, siku ikiwa ngumu, nikishawageuza wazee vitandani na mgongo umekufa, mimi hufumba macho nikarudi Mwabungo. Nakuona mkekani, kabati liko wazi, unapangusa. Nikasoma kwamba utahamia Waa, nikaona sina tena pa kurudi nikifumba macho. Nilikosa adabu kumtukana mtu kwa sababu hiyo. Mwambie naomba radhi, na Giulietta yake abaki nayo. Nimempatia kioo cha mbele. Nimekifunga kwenye pamba humu ndani.

Na hili hapa:

Mimi, Alamin bin Mbwana, mwana wa kaka yake Mbeyu, kwa hiari yangu na akili yangu timamu, namfanya wakili wangu Maalim Luqman wa Mwabungo amuozeshe shangazi yangu kwa Mzee Abdulaziz wa Waa, kwa mahari watakayokubaliana wenyewe. Mwenyezi Mungu awape kheri na awakutanishe katika kheri.

Mwanao, na walii wako,
Alamin


Waa,
13 Julai 2025

Mwanangu Alamin,

Marahaba, na juu ya marahaba, dua. Tazama juu ya karatasi nilipoandikia, na usishtuke.

Nikah ilifungwa Ijumaa ya tarehe 20 Juni, baada ya swala. Mama yako alikuja tangu Jumatano, akanipaka hina mwenyewe. Alipomaliza mkono wa kushoto akasema, "Wifi, ulinilelea." Nikamwambia, "Ulinipa."

Maalim Luqman aliisoma barua yako mbele ya watu. Alipofika kwenye mahari akaniletea mtu mlangoni kuuliza, bibi harusi anataka nini? Nami nilikuwa nimeshaliwaza. Nikasema, mwambieni nataka Mzee Abdulaziz anifundishe kuendesha gari.

Kicheko kikatoka msikitini kama maji. Alamin, nimeyapangusa magari miaka yote hiyo, najua Aurelia ilitengenezwa lini na ile Giulia ina taa ngapi, lakini sijawahi kushika usukani hata mara moja. Nani angenifundisha? Mzee mmoja akauliza kama kitu hicho chafaa kuwa mahari. Maalim akasema, "Kufundisha ni manufaa, na manufaa yanayojulikana yafaa kuwa mahari. Bwana harusi, umekubali?" Abdulaziz akajibu, "Nimekubali, ila gari langu ni Probox, si la Kitaliano." Nikaozwa kwa hilo.

Sasa habari za nyumba, na sitakudanganya. Nyumba ya Mwabungo anaishi Warda na wanawe. Chumba chako kinalala watoto. Kabati nimelihamisha Waa. Tulilibeba tupu, na magari nimeyabeba mimi mwenyewe mapajani, safari nne. Ukija likizo utafikia hapa. Chumba chako kina dirisha linalotazama shamba, na kitanda kipya. Najua si kile unachokiona ukifumba macho. Njoo ukione kwa macho wazi, utakizoea.

Kioo cha Giulietta kimekaa sawasawa. Abdulaziz anasema una mkono wa kuchagua. Anakusalimu, anasema hakuwahi kukasirika, ila Ummi amesema alikasirika kidogo.

Masomo yangu yanaendelea. Tunakwenda kiwanja cha mpira baada ya Alasiri, wakati hakuna mechi. Wiki ya kwanza gari lilinizimikia kila nilipolitia gia. Wiki ya pili nilizunguka kiwanja chote kwa gia ya kwanza, wasichana wa shule wakinipigia vigelegele. Jana nilitia ya tatu. Abdulaziz alishika mlango kwa mikono miwili akasoma dua ya safari mpaka mwisho, nami nikacheka hata nikasahau breki iko wapi. Tulisimama katikati ya mihogo ya watu. Hatukuumia. Mwenye shamba alikuja akatukuta tumekaa ndani tunacheka, akatazama aliye kwenye usukani, akasema, "Shikamoo, bibi," akarudi zake.

Kesho naenda tena.

Shangazi yako,
Mbeyu